Boriti Itokayo Shambani Mwako

Asafiriye kutoka Gitega, akapita Karuzi na kushika njia ya Muyinga, huona kulia na kushoto kwake migrevilea iliyosimama mipakani mwa mashamba ya maharage, migomba na kahawa, na juu ya vilima mikaratusi iliyopandwa safu kwa safu. Na ni nadra kukuta kaya isiyo na walau mti mmoja uliopandwa na baba au babu kwa nia ya kuwa siku moja utabeba paa la nyumba ya mwanawe. Nia hiyo ni njema na inastahili taadhima. Walakini baina ya mti uliosimama na boriti iwezayo kubeba vigae kwa umri mzima wa mtu iko kazi kubwa, na ndani ya kazi hiyo limo jambo moja ambalo watu wengi huliruka kwa pupa ya kuhamia nyumba mpya, nalo ni ukaushaji. Mti huangushwa mwanzoni mwa juma, hupasuliwa katikati yake, na kabla juma halijaisha umekwisha kupigiliwa misumari. Mwaka hautimii ila paa limebonyea, misumari imelegea katika matundu yake, na vigae vimeachana hata mvua yapata njia. Hapo lawama huuangukia mti, kwamba mgrevilea ni mti dhaifu, au humwangukia fundi, kwamba hajui kazi. Kwa insafu, mti haukukosa, na fundi mara nyingi aliamrishwa kuharakisha.

Asili ya taabu yote hii ni maji. Mti uliokatwa leo umejaa maji kwa kadiri ambayo mtu asiyepata kuupima haisadiki. Tuchukue mfano wa boriti ya mgrevilea yenye urefu wa mita 4, upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 20: mti wenyewe, kama ungekauka kabisa, ungekuwa na uzito wa kilo 60 au karibu na hapo, na maji yaliyomo siku ya kupasuliwa, tukisema ni asilimia 80 ya uzito huo, ni kilo 48. Ili boriti hiyo ifae kuezekewa, unyevu wake yapasa ushuke hata kufikia asilimia 15, yaani kilo 9 tu. Basi karibu kilo 40 za maji, ambazo ni ndoo mbili za lita 20, hazina budi zitoke ndani ya kipande kimoja cha mti, na zitoke polepole, kwa kupenya katika nyuzi zake, bila ya kukipasua. Hiyo ndiyo kazi ya ukaushaji, wala hapana kazi nyingine ya useremala inayofanywa kimya kama hii na ambayo athari yake hudumu muda mrefu kama huu.

Maji hayo hukaa mahali pawili. Mengine yamo katika uwazi wa vijitundu vya mti, nayo hutoka upesi, na yakitoka mti hupungua uzito tu, umbo lake halibadiliki. Mengine yameshikamana na kuta zenyewe za vijitundu hivyo. Haya huanza kutoka pale unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, na hapo ndipo mti huanza kunywea. Nao haunywei sawasawa kila upande. Kwa urefu wake hunywea kidogo mno, hata jicho halioni. Kutoka kiini kuelekea gome hunywea kiasi. Na kwa kuzunguka, kwa kuzifuata duara za ukuaji wake, hunywea takriban mara mbili ya hapo. Tofauti hii ndiyo mama wa nyufa zote. Gogo linalokauka likiwa zima lataka kufupisha mzunguko wake kuliko unene wake unavyoruhusu, na kwa kuwa haliwezi, hupasuka kutoka gome hadi kiini. Na boriti iliyopasuliwa ikaachiwa kiini chake katikati yake, ijapokuwa imenyooka na kupendeza siku ya kwanza, imebeba ndani yake ufa ambao bado haujatokea.

Wazee wa Burundi wamelijua jambo hili kwa njia ya mikono yao. Huko Gishora, si mbali na mji wa Gitega, pahali patakatifu pa ngoma za kifalme panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, ngoma huchongwa kutokana na gogo zima la umuvugangoma, mti ambao Watanzania wengi huuita mringaringa. Ngoma hizo, ambazo uchezaji wake uliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, ni magogo mapana kupita boriti nyingi, na bado hayafumuki vipande. Kwa nini? Kwa sababu mchongaji huondoa kiini chote, akabakiza ukuta wa mti ulio mwembamba kuliko gogo lilivyokuwa, ukuta ambao hewa huufikia kwa ndani na kwa nje, na ambao unaweza kunywea bila ya kuzuiwa na kitu katikati. Mwenye kupasua boriti hawezi kuitoboa kama ngoma, lakini aweza kuishika kanuni ile ile: aondoe kiini, na apunguze unene ambao maji yapaswa kuupita.

Tuanze basi na mti wenyewe. Mgrevilea na mkaratusi yote miwili asili yake ni Australia, nayo imeenea katika nchi za Maziwa Makuu kwa kuwa hukua upesi. Mgrevilea hupendwa zaidi shambani kwa kuwa haugombani sana na mazao, na mbao zake zina marembo ya kupendeza, ilhali mkaratusi ni mzito na wenye nguvu zaidi, lakini una tabia ngumu ambayo nitaieleza. Chagua mti ulionyooka, usio na shina lililojinyonga. Tazama mistari ya gome lake, nayo ikipanda kwa kuzunguka kama kamba iliyosokotwa, mti huo uuzwe kuni, maana boriti yake itajinyonga kadiri inavyokauka. Usichague mti unaoinama, kwani mti ulioinama umejikaza upande mmoja maisha yake yote, na hukunja kila ubao utokao ndani yake. Kabla ya kuinua shoka, omba ruhusa katika komini na kwa watu wa Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, kwa kuwa nchi hii ilipoteza miti mingi katika miaka ya vita iliyoanza 1993, na tangu 2018 serikali imekuwa ikihimiza upandaji kwa mpango wa «Ewe Burundi Urambaye»; akataye mmoja na apande kadhaa, kwa faida ya nyumba ya mjukuu.

Siku ile ile mti unapoanguka, paka ncha zote mbili za gogo rangi ya mafuta, au nta iliyoyeyushwa, au hata lami ukiipata. Watu hudharau jambo hili dogo, na dharau hiyo huwagharimu nusu mita ya mti kila upande. Maji hutembea kwa kufuata nyuzi kwa wepesi mkubwa kuliko yanavyokatiza nyuzi, hata ncha za gogo hukauka mara kumi au zaidi upesi kuliko mbavu zake. Ncha zikinywea hali sehemu iliyo nyuma yake bado imevimba kwa maji, hupasuka, na ufa ukiisha kuanza hauishii pale ulipoanzia.

Sasa suala la umbo. Boriti husimama kwa kimo chake kuliko kwa upana wake: kipande cha sentimita 10 kwa 20 kikilazwa kwa ubapa hubonyea mara nne zaidi ya kinavyobonyea kikisimamishwa, ijapokuwa ni kipande kile kile. Na iko njia ya kale, ya kupendeza kwa wepesi wake, ya kuipata boriti yenye nguvu kuliko zote ziwezazo kutoka katika gogo la mviringo. Chora katika ncha ya gogo mstari upitao katikati kutoka ukingo mpaka ukingo. Ugawe mstari huo mafungu matatu yaliyo sawa. Katika alama ya kwanza inua mstari wa pembe mraba kwenda juu mpaka ukingoni, na katika alama ya pili teremsha mwingine kwenda chini mpaka ukingoni. Kisha unganisha nukta hizo mbili na miisho miwili ya mstari wa kwanza. Umbo litakalotokea ni boriti ambayo kimo chake na upana wake ni kama 7 kwa 5. Gogo la sentimita 30 litakupa boriti ya sentimita 17 kwa 24 hivi, na fundi asiyejua kusoma aweza kuyafanya hayo kwa uzi na kipande cha mkaa.

Boriti ya namna hiyo, hata hivyo, hubaki na kiini chake. Ikiwa mti wako ni mnene, wenye sentimita 40 na zaidi bila ya gome, nakushauri uliache umbo hilo, ulipasue gogo kwa katikati, ukitupa ubao mwembamba wenye kiini, na upate boriti mbili za sentimita 15 kwa 20, moja kila upande. Boriti zisizo na kiini hukauka kwa utulivu, na nyufa zake, zikitokea, ni ndogo.

Kupasua kwenyewe ni kazi ya watu wawili, na milima ya Burundi huifaa, kwani gogo huweza kulazwa juu ya jukwaa lililoegemea mteremko badala ya kuchimbwa shimo refu. Aliye juu huongoza msumeno juu ya mstari uliopigwa kwa uzi uliochovywa katika maji ya mkaa. Aliye chini huvuta, na kila anapovuta ndipo msumeno unapokula, huku unga wa mbao ukimmiminikia usoni. Haki yake ni kupewa kitambaa cha kufunga pua na macho, hasa kwa mgrevilea, ambao huwawasha na kuwatoa vipele baadhi ya wanaoushika. Siku hizi msumeno wa mnyororo umeenea, nao humaliza kwa saa moja kazi ya siku nzima. Lakini kila upitapo hula milimita 8 na zaidi za mti na kuzigeuza vumbi, ambapo msumeno wa mkono hula nusu ya hapo au pungufu. Kwa boriti moja au mbili hasara hiyo yavumilika. Kwa mbao nyembamba nyingi ni israfu ya wazi: ukikata mara kumi umetupa sentimita 8 za mti wa babu yako.

Hapa ndipo tabia ya mkaratusi inapodhihirika. Mti huu, unapokua, huikaza sehemu yake ya nje kama uzi uliovutwa, na kuigandamiza sehemu ya ndani. Maadamu mti ni mzima nguvu hizo mbili husawazishana, lakini msumeno ukiondoa upande mmoja, upande wa pili huvuta, na gogo lililokuwa limenyooka hujipinda mbele ya macho ya mpasuaji. Wengine hudhani ni uchawi wa mti au ubovu wa msumeno. Dawa yake ni kupasua kwa zamu: toa ubapa upande mmoja, ligeuze gogo, toa ubapa upande wa pili ulio mkabala wake, kisha rudi wa kwanza, ili kila mvuto uondolewao upande huu uondolewe na upande ule. Tena boriti iachwe nene kwa sentimita 2 kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa itahitaji kunyooshwa tena ikiisha kukauka, na kwa kuwa boriti ya mkaratusi yenye kimo cha sentimita 20 huweza kupoteza sentimita moja nzima kwa kunywea peke yake.

Mti ukiisha pasuliwa, upange siku hiyo hiyo. Tandika mawe au matofali yaliyosawazishwa kwa pima maji, yaliyo juu ya ardhi kwa sentimita 40 au zaidi, ili mchwa waonekane wakipanda na hewa ipite chini. Laza boriti juu yake, na baina ya safu na safu weka vijiti vikavu vyenye unene mmoja, kila baada ya sentimita 50 hivi, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja wima, maana kijiti kilichokaa nje ya mstari hufundisha mbao kujipinda. Juu ya yote weka mawe mazito, na juu ya mawe paa la mabati au nyasi lisiloruhusu mvua wala jua. Namaanisha kabisa hilo la jua. Watu wengi hueneza mbao zao juani wakidhani wanafanya hima, na mkaratusi ndio huumia kuliko yote: ukikaushwa kwa ukali katika majuma ya kwanza, vijitundu vyake hufinyika na kuporomoka kwa ndani, na ubao hutoka na mabonde ambayo hakuna randa iwezayo kuyasawazisha.

Muda gani? Mafundi wa Ulaya walikuwa na kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Katika hewa yetu, penye kiangazi kiitwacho ici kwa Kirundi, kinachoanza Juni na kuendelea mpaka Septemba, ubao wa inchi moja hauhitaji mwaka. Kiangazi kimoja huutosha. Lakini muda hauongezeki kwa kadiri ya unene tu, bali kupita kadiri hiyo: ubao ukiwa mnene mara mbili, muda huwa karibu mara tatu au nne. Ndiyo sababu boriti ya sentimita 15 huchukua miaka kadhaa kukauka hata katikati yake, wala simdanganyi msomaji kwamba iko njia ya mkato ya bure.

Iko lakini hila iliyo halali. Badala ya boriti moja nene, pasua mbao tatu za sentimita 5, zenye kimo kile kile, uzikaushe, kisha uziunganishe ubavu kwa ubavu kwa boliti. Hukauka kwa sehemu ndogo ya muda, kasoro ya ubao mmoja hushikwa na wenziwe, na nguvu yake haina upungufu wa kutajwa. Kwa mtu wa Gitega au Muyinga anayetaka kuezeka mwaka ujao, naiona hii kuwa njia bora kuliko zote, na nashangaa kwamba haijaenea.

Na ikiwa boriti haitaonekana, kwa nini ipasuliwe? Nguzo ya mviringo iliyoambuliwa gome na kukaushwa huwa na nguvu kuliko ya mraba iliyotolewa ndani yake, kwa kuwa nyuzi zake hazikukatwa. Watu wa pwani walijenga hivyo kwa karne nyingi: boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji zilisafirishwa kwa majahazi hata Uarabuni na Ghuba, na vyumba vya majumba ya mawe ya Lamu na Unguja vikawa vyembamba, visivyofika mita 3, kwa kuwa huo ndio upana ambao boriti ya mkoko iliweza kuuvuka chini ya dari nzito ya mawe na chokaa.

Uzito ndio unaotudai uangalifu hata sisi. Paa la vigae vya udongo, ambalo ni la kawaida na la kupendeza katika miji yetu, lina uzito wa kilo 40 na kuendelea kwa kila mita ya mraba, ilhali mabati hayazidi kilo chache. Boriti mbichi ikitwikwa mzigo huo, kisha ikakauka ikiwa imeubeba, hubonyea maradufu na zaidi ya boriti iliyokwisha kauka, na bonde hilo haliondoki hata mzigo ukiondolewa. Msumari nao uliopigwa katika mti mbichi huachwa na mti unaponywea, na katika mkaratusi huliwa na utomvu mkali wa mti, ukaacha madoa meusi.

Ili kujua kama boriti imeiva, usitegemee kuipigapiga kwa kidole. Kata kipande chembamba, si katika ncha bali nusu mita kutoka ncha. Kipime kwa mizani ya dukani. Kikaushe pembeni mwa tanuri la mkate mpaka kipimo chake kisipungue tena. Kisha gawanya kilichopungua kwa uzito uliobaki. Kipande cha gramu 500 kilichobaki gramu 400 kilikuwa na unyevu wa asilimia 25, na boriti yake ingojewe. Kwa paa, 15 yatosha. Kwa meza na milango, ngoja mpaka 12. Wakati huo huo tazama unga mweupe laini chini ya mbao zako, kwani ni alama ya bungua, ambao hula sehemu nyeupe iliyo karibu na gome. Ichonge sehemu hiyo uitupe, au uipake maji ya boraksi mbao zingali mbichi.

Basi wewe mwenye mgrevilea Gitega au mwenye mkaratusi Muyinga, ukitia nia ya kuezeka kiangazi cha mwaka ujao, angusha mti wako kiangazi hiki, uupasue mbao za sentimita 5 za kuunganishwa kwa boliti. Mgrevilea upasuliwe Juni, upate miezi yote mikavu. Mkaratusi uahirishwe mpaka mwisho wa kiangazi, ili majuma yake ya kwanza ya kukauka yaangukie hewa yenye unyevu na utoe maji yake taratibu chini ya paa. Andika tarehe ya kupasua kwa rangi katika ncha ya kila ubao, na fundi akija kuomba aanze kabla ya wakati, mwonyeshe tarehe hiyo na umwombe arudi.